Mpiga Picha wa Bure

Mtaani kwetu Mbagala ukinunua gari, watu wanaliazima. Ukinunua kamera, wanakuazima wewe. Hakuna anayeuliza kama unajua kupiga. Wameona mkanda shingoni, basi. Kamati ya harusi inakaa, kazi zinagawiwa: huyu vinywaji, huyu ukumbi, huyu atafute MC, "na picha si tunaye mjomba hapa?" Mjomba ndiye mimi. Nipo kwenye kona na soda yangu, hata sijaifungua. Eti nisamehewe mchango, nipige picha. Mchango wenyewe elfu hamsini. Ningejua, ningekopa nikalipa nikakaa zangu kwenye kiti nikala pilau ya moto. Mpiga picha anakula ukoko, saa sita usiku, amesimama.

Kamera yenyewe mtumba. Niliinunua Kariakoo kwa kijana aliyeniapia kwamba mwenyewe alikuwa mtalii, na alikuwa anapigia simba tu. Nikasema hii imezoea makubwa, ndugu zangu haitawashindwa. Imewashindwa. Lenzi yake ni moja, wanaiita hamsini, haivuti wala hairudishi. Nikawa naizungusha pale dukani natafuta zumu iko wapi, hadi yule kijana akanionea huruma. "Mzee, zumu yako ni miguu." Nikajua nimetukanwa. Kumbe wenyewe ndivyo wanavyosema. Mpwa wangu akanieleza kuwa Cartier-Bresson, yule Mfaransa aliyepata jina dunia nzima kwa picha za mitaani, kazi zake nyingi alizifanya kwa lenzi ya milimita 50 hiyohiyo. Sawa. Ila Mfaransa huyo hajawahi kuambiwa aupange ukoo wetu kwenye ua uliopakana na choo.

Ukoo wetu hauenei kwenye fremu. Narudi nyuma, baba mdogo bado hana mkono. Narudi tena, mkono umepatikana, shemeji kapotea. Nikarudi, nikarudi, nikapita mlango wa bati, nikajikuta uani kwa jirani katikati ya kamba yake ya nguo. Nikapiga. Wote wameingia, Mungu mkubwa. Na chupi ya jirani imeingia, juu kushoto, tena yenyewe imetoka safi kuliko bwana harusi. Picha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kabla sijafika nyumbani. Jirani hanisalimii hadi leo. Nimefanya nini mimi? Nani anaanika nguo siku ya harusi ya watu?

Halafu kuna mambo ya namba. Lenzi ina tundu la kupitishia mwanga. Tundu likiwa kubwa, namba yake ndogo. Tundu likiwa dogo, namba kubwa. Hiyo 1.8 tundu limeachama, 16 limefumba. Nani alipanga hivi na alikuwa amekula nini? Mpwa wangu, aliyefeli hesabu kidato cha nne nikamlipia arudie, ndiye akanikalisha chini. "Anko, hiyo ni sehemu. Moja chini ya mbili si kubwa kuliko moja chini ya kumi na sita?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa kitu, ila kwa ada niliyotoa nisingeweza kumwambia arudie.

Ikafika sendofu ya binti wa dada. Ukumbi umewekwa taa za zambarau, giza totoro, unamtambua mtu kwa pafyumu. Mpwa akaninong'oneza: "Fungua mpaka 1.8, anko, mwanga uingie." Nikafungua. Mwanga ukaingia. Asichoniambia ni kwamba tundu likiachama hivyo, kinachotoka safi ni kipande chembamba tu pale ulipofokasi. Cha mbele ukungu, cha nyuma ukungu. Na mimi nimeshawapanga ndugu mistari mitatu. Mstari wa kwanza wamekaa wale wa mbali, waliowahi viti, hawajachanga hata mia. Safi, unawahesabu kope. Mstari wa pili wameanza kuyeyuka. Mstari wa tatu ndiko waliko akina shangazi waliochanga laki mbilimbili. Huko unaona vilemba na nia njema.

Shangazi mkubwa akaniita pembeni. "Mwanangu, ukumbi huu nimelipa mimi. Hebu nionyeshe niko wapi."

Nikamwonyesha.

"Huo mti," akasema.

Nikavaa miwani. Kweli, ulikuwa ule mti wa plastiki wa ukumbini.

Dawa yake naijua sasa, wameniimbia wote: watu wakiwa wengi, bana tundu hadi 8 hivi. Nikabana. Mwanga ukakimbia. Basi iache shata, kile kipazia cha kupitishia mwanga, wazi muda mrefu zaidi. Nikaiacha. Sasa shata ikikawia, anayetikisika anaacha mkia, na ndugu zangu wakati huo wameshapanga mistari wanacheza kwaito. Basi pandisha ISO, kamera iuhisi mwanga zaidi. Nikapandisha. Picha ikajaa chengachenga. Tundu, shata, ISO: ukimridhisha mmoja wawili wananuna. Na wote watatu wako kwenye kifaa nilichoambiwa nibonyeze tu.

Ngoja nikusimulie la shela. Bibi harusi shela jeupe pee, la kukodi, laki nne. Picha ikatoka shela la kijivu. Nikajua lenzi chafu. Nikaisugua kwa pindo la shati, shela likazidi kijivu. Kumbe kamera ina kipimo cha mwanga ndani, na hicho kipimo kimekaririshwa kwamba dunia nzima, ukiikoroga pamoja, ni kijivu. Wanasema kijivu cha asilimia 18. Kikiona kitu cheupe kinashtuka, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza. Kikiona suti nyeusi kinadhani giza, kinaongeza. Kwa hiyo mwanamke katoka kijivu, na mwanamume ukimpiga peke yake anatoka kijivu. Wamefanana, ndiyo ndoa.

Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, cha kukirekebisha hicho kipimo. Hapo ndipo akili yangu iligoma. Eti kitu kikiwa cheupe, uongeze mwanga. Kikiwa cheusi, upunguze. Sasa wewe mwenye akili zako unaliona shela linang'aa, unaliongezea mwanga wa kazi gani? Si uchoyo, ni mantiki. Nikapunguza, tena kwa moyo mkunjufu. Shela likawa la msiba. Bibi harusi akalia, wanja ukachuruzika, nikaupiga na wanja. Mama yake akaniuliza taratibu, mbele ya wakwe, kama nina kinyongo na familia yao.

Na nyuso zetu je? Ukipimia mwanga kwenye shela, uso wa mtu mweusi unazama. Ukiunyanyua uso, shela linaungua, maua yote ya lesi yamekwenda. Inabidi ukisogeze kile kipimo usoni kwake, halafu uangalie shela haliungui, halafu uombe asitembee. Na usifikiri haya yameanza juzi. Zama za filamu, maabara za kusafishia picha zilikuwa zinapelekewa na Kodak kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Waliita kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao mmoja aliyepigwa picha hiyo mwanzoni. Rangi zote zinapimwa kwa ngozi ya Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Shangazi yangu akitoka macho na meno, shauri yake.

Sasa sikiliza uchungu wenyewe. Filamu zikaja kuboreshwa, kahawia ikaanza kuonekana kahawia. Unadhani waliolalamika wakasikilizwa ni sisi? Wenye viwanda vya chokoleti na wauza fanicha. Miaka ya 1970 wenye chokoleti wanataka ya maziwa ijulikane na isiyo ya maziwa, wenye mbao wanataka mninga wao uonekane mninga. Ndipo watu wakakuna vichwa. Mimi nimetetewa na kabati. Ninalo moja nyumbani, mlango umelegea, tangu nilijue hili nalifunga kwa adabu.

Wajuzi wakishindwa kunisaidia huwa wananiambia, "Tafuta mwanga mzuri." Mwanga mzuri uko wapi? Jua la saa saba mchana la Dar linakaa utosini. Macho yanageuka mashimo, pua inaangusha kivuli mdomoni, kila mtu anakuwa na masharubu, akina mama wamo. Kwa hiyo piga jioni. Nikaiandikia kamati: bwana na bibi harusi wafike Coco Beach saa kumi na moja na nusu. Bwana harusi akafurahi. Anataka picha wameshikana mikono, jua linazama baharini nyuma yao. Kaiona kwenye kalenda. Nikafika mapema. Nikapanga. Nikaangalia bahari. Jua halipo.

Nikatembea ufukwe mzima nalitafuta. Nikamuuliza muuza mihogo, "Samahani, jua hapa huwa linazamia wapi?" Akanitazama, akawatazama wenzake, akanyoosha kisu nyuma ya mgongo wangu. Upande wa Kimara. Bahari yetu iko mashariki, jua linachomozea humo. Jioni linakwenda kuzama kwenye maghorofa na foleni. Kalenda ile ilikuwa ya Zanzibar, Mji Mkongwe, kule bahari iko magharibi. Elimu ya jiografia nimeipata kwa muuza mihogo, na mihogo nikalazimika kununua ili aache kucheka.

Haikusaidia hata hivyo. Saluni walimwachia bibi harusi saa moja kasoro. Na jua la huku kwetu karibu na ikweta halina maringo ya kuzama taratibu. Linashuka wima, mwangaza unaobaki haumalizi nusu saa, kwisha. Tukapiga kwa taa za gari la baba mkubwa. Betri ya gari ikafa. Nani kasukuma? Mwenye kamera. Kwa suruali nyeupe ya sare.

Mpwa akaja na wokovu mpya. "Anko, acha JPEG, piga RAW." Akanihesabia: JPEG kila rangi ina ngazi 256 tu, ila RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, kwa hiyo uso uliozama gizani unaweza kuunyanyua baadaye kwenye kompyuta bila kuharibika sana. Nikasikia neno "baadaye" nikapona. Sasa nina ruhusa ya kukosea. Hakuniambia kwamba faili zake ni nene na kadi ina mwisho. Kadi ilijaa keki inakatwa. Kisu kimeshashikwa na mikono miwili, wananisubiri mimi. Nikaanza kufuta za zamani, jasho linaniingia machoni, MC kashika maiki: "Mpiga picha wetu naona anajibu meseji ya nyumbani." Ukumbi mzima kicheko. Nikafutafuta. Kufika nyumbani, kiapo hakipo. Kilichopona ni kiatu changu cha kushoto, nadhani nilikipiga wakati nasukuma gari. Vitufe vya kamera hizi vimebanana mno.

Zilizobaki nikamtumia bwana harusi vilevile zilivyo. Akanipigia usiku. Hazifunguki. Nikamwambia ni RAW. Akasema hata kama ni mbichi, si zifunguke tuzione? Sikuwa na jibu. RAW lazima uipike kwanza kwenye programu, uitoe JPEG, ndipo umpe mtu. Laptopu yangu ukiiwekea programu hiyo inapumua kwa nguvu hadi watoto wanaamka.

Na kupika kwenyewe kuna utaratibu wake, eti ndio unaomtofautisha fundi na mimi. Kwanza unachambua. Unachagua chache zilizosema kitu, nyingine zinafia kwako, hakuna anayeziona. Nimechambua, nimepeleka zile safi, za watu waliofumbua macho. Mama wa bibi harusi akazipitia mpaka mwisho. "Nyingine ziko wapi?" Nikasema mbaya nimeziacha. "Tuletee na mbaya. Ulikuwa unabonyeza usiku kucha, tumekuona." Nikaleta. Ndizo walizosafisha. Iliyo sebuleni kwao, kwenye fremu ya dhahabu, wamefumba wote wawili.

Majina ya mafaili usiniulize. Nina folda inaitwa Harusi, nyingine Harusi Mpya, nyingine Harusi Mpya Kabisa, na moja Harusi HII HAPA, ambayo ndani yake kuna filamu ya Kihindi. Wenzangu wanaanza jina kwa mwaka, mwezi na tarehe, folda zinajipanga zenyewe. Mimi nazipanga kwa hasira.

Na nakala. Sheria ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani, moto au mwizi akija asibebe zote. Nikaona hii akili. Moja kwenye laptopu, moja kwenye diski, ya tatu nikaiweka kwenye flashi nikaipeleka Mkuranga kwa mama mkwe. Mbali kweli. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mama, hii ni amana." Diski ikaanguka. Laptopu ikapata chai. Nikapanda basi hadi Mkuranga nimejaa matumaini. Amana imo, mama kaitunza kwenye kitambaa, kaifunga kwenye pindo la khanga. Vijana wa pale walikuwa wameiazima kidogo tu, wakaijaza taarabu. "Nzuri hiyo, baba," akaniambia. "Mwache mwenzio nyumbani naye asikilize."

Baada ya hapo ndipo wajuzi wakaniambia tatizo langu siyo ufundi. Ni mtindo. Sina mtindo. Mpiga picha mwenye mtindo, picha yake unaijua hata haina jina. Nikawaambia zangu mnazijua zote. Wakakubali, ila wakasema kukata vichwa hakuhesabiwi.

Vijana wa siku hizi mtindo wanaununua. Wanaita priseti: unabonyeza mara moja, bahari inakuwa ya kijani na ngozi ya mtu inakuwa ya chungwa. Nikaijaribu kwa mjomba wangu, mtu wa Kilwa, mweusi tititi. Akatoka wa chungwa. Akauliza hospitali gani inatibu.

Mpwa, kwa kunionea huruma, akanionyesha picha za mzee mmoja wa Bamako, Mali, aliyeitwa Seydou Keïta. Alifungua studio mwaka 1948. Anapiga uani, mara nyingi kwa mwanga wa mchana. Filamu ghali, kwa hiyo mteja kwa kawaida anapigwa mara moja, basi, hakuna kubonyeza usiku kucha. Na pazia lake la kwanza la nyuma unajua lilikuwa nini? Shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Kila baada ya miaka miwili mitatu anabadilisha kitambaa, na uzeeni akiona picha anajua ya lini kwa kuangalia kitambaa cha nyuma. Picha hizo zimewahi kutundikwa Paris na New York. Shuka la kitanda! Nikasimama. Shuka ninalo.

Siyo langu, ni la mama watoto. La kudarizi, maua mekundu, tausi wawili wanatazamana, la kutandikwa wageni wakija. Alikwenda sokoni. Nikaligongomea misumari ukutani uani, upande wenye kivuli. Mbele yake kuna ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, yule asiyenisalimia. Nikamkalisha muuza genge wetu kwenye stuli, nikarudi hatua zinazoruhusiwa na choo, nikabonyeza.

Bwana wee. Sijui imetokeaje. Uso umetoka na rangi yake, macho yanaonekana, hana masharubu asiyostahili. Mpwa akasema ni kivuli, na ile chokaa inarudisha mwanga laini usoni, na kwa kuwa sina pa kukimbilia kila mtu anapigwa kutoka palepale. Nikamwambia nilipanga hivyo. Muuza genge akaiweka kwenye profaili yake, kesho yake ua umejaa. Wote wanasema sentensi moja: "Tunataka ile ya tausi."

Mama mkwe naye akaja, kasikia hadi Mkuranga. Akafika, akasimama, akautazama ukuta muda mrefu. Nikamwamkia. Hakuitikia.

"Baba, hilo si shuka nililodarizi mimi, nikawapa harusini?"

"Ndilo, mama."

"Na hiyo ni misumari?"

Nikatazama misumari kana kwamba ndiyo kwanza naiona. Yeye akavua viatu, akakaa kwenye stuli, akatandaza khanga magotini. Akaniagiza nihakikishe tausi wameonekana wote wawili, yeye hata akikatwa kidogo si neno. Nikapiga. Ikatoka nzuri. Akamsifu bintiye kwa kutunza shuka.

Sasa hivi biashara ni ya mama watoto. Picha moja buku tano: buku nne za shuka, buku ya mwenye kamera, na kwenye hiyo buku nakatwa misumari. Daftari analishika yeye. Wateja wanampigia yeye. Juzi aliniuliza kama najua kijana yeyote wa mtaani mwenye kamera nzuri zaidi, wamfanyie majaribio. Kwa hiyo ndugu, ukitaka picha usinifuate mimi huku kijiweni kunipotezea muda. Na leo usihangaike kabisa, shuka limefuliwa, halijakauka.